Utani wa mtazamaji nao ni uhakiki

Watu wawili wanawezaje kutembea hadi ndani ya kambi ya jeshi bila kuiona? Swali hili huwasumbua watazamaji wa The Good, the Bad and the Ugly, filamu ya makauboi iliyoongozwa na Mwitaliano Sergio Leone mwaka 1966. Tuco (Eli Wallach) na Blondie (Clint Eastwood) wanaifuata dhahabu ya dola 200,000 iliyofukiwa makaburini. Ghafla, wamo mikononi mwa wanajeshi wa Kaskazini. Kamera inapotuonyesha mandhari yote, kumbe kuna mahandaki, mizinga na umati wa askari kando ya mto!

Kwani hawa ni vipofu? Watazamaji hutania. Ati jua la jangwani liliwaharibu macho. Ati tamaa ya dhahabu huziba hata masikio. Ati katika ulimwengu wa Leone, mtu haoni kitu mpaka kamera ikione kwanza.

Nina hoja kwamba utani huu ni uhakiki, ingawa hauna uzito sawa. Kipimo ni hiki: maelezo yanafafanua matukio mangapi? Jua linaeleza onyesho moja tu. Utani wa kamera unaeleza pia yanayotokea makaburini. Tuco anachimba kwa pupa. Sepetu inatupwa karibu naye, kumbe Blondie amefika. Punde inatupwa ya pili. Angel Eyes (Lee Van Cleef) naye yupo. Uwanja ni mweupe, ila hakuna aliyeonekana akija. Mhakiki Roger Ebert aliishika kanuni iyo hiyo bila mzaha: kwa Leone, uwezo wa kuona hukomea kwenye kingo za picha.

Wolfgang Iser alitufunza kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza. Tatizo ni kwamba wanafunzi wetu wengi wa fasihi wakikuta pengo huandika, "Hapa mwandishi amekosea," wakafunga kalamu. Kauli hiyo huua mjadala kabla haujazaliwa. Anayecheka kwanza, kisha akauliza, "Mbona jambo hili limejirudia?" ameshaanza kuhakiki. Inawezekana msanii alikosea kweli, lakini tusimhukumu kabla ya kupekua matini nzima. Kinachotokea mara moja huenda ni kosa. Kikijirudia, tukichunguze kama mtindo.