IRM na viungo vya hemofilia: tusome tena hesabu za 2007

Kuna artikele za kiganga ambazo watu wanazitaja kila mara bila kuzisoma. Moja ni ile iliyotoka Agosti 2007 katika New England Journal of Medicine, ya Marilyn Manco-Johnson na wenzake wa Marekani. Wengi wetu tunakumbuka hesabu mbili tu, 93 na 55. Mimi naona hizo hesabu zimesomwa vibaya, na kile kilicho bora ndani yake kimesahaulika.

Kwanza kazi yenyewe. Walichukua wavulana 65 wenye hemofilia A kali, wote chini ya miezi 30. Kundi moja lilichomwa fakta VIII kila siku ya pili, inite 25 kwa kilo, hata kama mutoto haumwi. Kundi lingine lilichomwa tu wakati kiungo kimevuja damu. Kwenye miaka sita, magoti, viwiko na vifundo vya miguu vikapitishwa kwenye IRM. Kwa kundi la kwanza, watoto 25 kati ya 27 wenye picha walikuwa na viungo vizima. Kwa la pili, 16 kati ya 29. Njo ile 93 na 55 kwa mia.

Juu ya nini IRM, na si radio ya kawaida? Damu ikiingia kwenye kiungo inaacha chuma. Ngozi laini ya ndani ya kiungo inaimeza ile chuma, inavimba, inaota mishipa midogo, kiisha inavuja tena. Pole pole gegedu, ile kitu laini inayofunika ncha za mifupa, inaliwa, na mfupa unatoboka. Radio inaonyesha mfupa tu. Ikisema kuna shida, shida imeisha kukomaa. IRM inaona chuma kama kivuli cheusi, na gegedu inaiona. Hapo walichagua vizuri.

Na IRM ikawaonyesha jambo ambalo kwangu lina uzito kupita 93 na 55: viungo vingine vilikuwa vimeharibika hata kama hakuna mutu aliyewahi kuviona vikivimba. Hesabu ya mara ambazo kiungo kilivuja haikulingana sana na picha. Maana yake, damu inaweza kupita kidogo kidogo, mama asijue, munganga asijue. Kumbe lile swali la kila konsultasyo, «amevuja mara ngapi?», halitoshi.

Sasa makosa, ya wasomaji na ya kazi yenyewe.

Watu wanasoma 55 kama hali ya mutoto asiyetibiwa. Sivyo kabisa. Hao watoto, kiungo kikivuja, walipata inite 40 kwa kilo mara moja, kiisha 20 kesho yake, na 20 tena siku tatu baada ya dozi ya kwanza. Ni matibabu ya kitajiri. Pamoja na hayo, 13 kati ya 29 waliharibika. Mutoto ambaye dawa yake ni barafu na kulala nyumbani hayumo hata kidogo ndani ya ile tablo. Tusimhesabie ile 55.

Pili, kazi iliishia miaka sita, na picha si maisha. Mutoto mwenye kivuli cheusi kwenye goti anaweza kukimbia vizuri leo. Walirudi kwa 37 kati yao hadi miaka 18, matokeo yakatoka 2020: gegedu na mfupa vilikuwa vimeharibika kwa 35 kwa mia ya walioanza kinga mapema, na 77 kwa mia ya waliochelewa. Basi picha haikudanganya. Lakini tuone ile 35 pia: hata aliyeanza mapema hakusalimika kabisa.

Tatu, mashine ina mipaka yake. Mutoto mudogo mara nyingi analazwa na dawa ili asitikisike. Kivuli cha chuma kinaweza kuonekana kikubwa kuliko chuma yenyewe na kuficha gegedu. Wataalamu walitoa skeli mwaka 2012, pointi 17 kwa kiungo: 9 za ngozi laini na maji, 8 za gegedu na mfupa. Inasaidia kulinganisha, lakini pointi moja ya chuma na pointi moja ya mfupa uliotoboka hazina uzito mumoja kwa mwenye goti.

Njo maana siungani na wanaosema, kila tunapoongea hemofilia, kwamba bila IRM hatuwezi kufanya kitu. IRM ina maana fasi ambapo picha inaweza kubadilisha matibabu: kuongeza dozi, kusogeza siku. Fasi ambapo fakta haipo, itaandika vizuri tu namna mutoto anavyolemaa. Ekografi haioni ndani ya mfupa, lakini inaona maji, uvimbe wa ngozi laini na ukingo wa gegedu, na mutoto anabaki macho mikononi mwa mama yake. Franga ya kwanza iende kwenye fakta, na kwenye kumufundisha mama asingoje uvimbe. Ushahidi kwamba uvimbe unachelewa tunao tangu 2007. Haihitajiki kuutafuta upya kwenye goti la kila mutoto.