Pumzi na Neno katika "Stimela" ya Hugh Masekela

Mpiga kinanda anaweza kusema huku anapiga. Mpiga tarumbeta hawezi, kwa maana mdomo ni mmoja na pumzi ni ileile. Hugh Masekela alipoamua kuujenga "Stimela", wimbo aliourekodi mwaka 1974 katika albamu ya I Am Not Afraid, juu ya masimulizi ya kinywa, aliamua pia kukiweka chini chombo kilichompa jina. Wengi huusifu wimbo huu wa treni ya makaa kwa ujumbe wake kuhusu wachimba migodi wa Johannesburg. Ujumbe huo ni mzito kweli, lakini kinachoufikisha ni mpangilio wa zamu kati ya neno na pumzi.

Nafuata hapa toleo la jukwaani lililorekodiwa Blues Alley, Washington, mwaka 1993 na kutolewa katika albamu ya Hope. Msimulizi anataja treni na nchi inakotoka, kisha treni nyingine na nchi nyingine: Namibia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Msumbiji, Lesotho, Botswana, Swaziland. Takriri hii inaunganisha nchi kama mabehewa, na ngoma chini yake hazina haraka. Tanganyika haimo kwenye orodha, ingawa vijana wa Unyakyusa nao waliandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri wachimba migodi, wakapelekwa kwenye migodi hiyohiyo. Wamemezwa na kauli ya jumla inayofunga orodha. Natamani wangetajwa.

Kisha sarufi yenyewe inabadilika. Masekela anarundika vishazi vya wakati: wanapochimba chini kabisa ardhini, wanapopakua chakula chao kwenye sahani za chuma, wanapokaa kwenye mabweni yenye viroboto. Msikilizaji anangoja kitenzi kikuu, na Masekela anakizuia. Kinapofika, ni kuwakumbuka wapendwa ambao huenda hawataonana nao tena. Kishazi kingine kinaanza, safari hii cha kuisikia treni, na kitenzi kikuu cha pili ni kulaani. Kutoka kukumbuka hadi kulaani: safari nzima ya kihisia imewekwa kwenye vitenzi viwili, na vyote viwili vimecheleweshwa.

Humo njiani maneno yanaanza kuchakaa kwa makusudi. Chakula kinaelezwa kwa konsonanti zinazogongana na kurojeka mdomoni. Uchafu wa mabweni kwa sauti moja inayorudiwa mwanzoni mwa maneno yanayofuatana. Treni kwa tanakali za mvuke na moshi. Maana inapungua, pumzi inaongezeka. Mwisho neno linashindwa kabisa, na Masekela anapiga ukelele wa honi ya treni kwa koo lake mwenyewe. Flugelihoni, ndugu ya tarumbeta, inapopata nafasi yake, haiingii kama pambo la mpiga jazi anayetaka kuonyesha vidole. Inapokea kazi ambayo koo lilikwisha kuianza.

Mtoto aliyezaliwa Witbank, mji wa makaa ya mawe, mwaka 1939, na kulelewa na bibi aliyewauzia wachimba migodi pombe, aliwasikia watu hao wakizungumza kabla hajashika tarumbeta. La kwanza alitafutiwa na Padri Trevor Huddleston, huyuhuyu aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi; jingine lilitumwa na Louis Armstrong mwaka 1956. Mwaka 1960 Masekela aliondoka nchini kwake, asirudi hadi 1990.

Katika uhamisho huo ndipo alipopata umaarufu mkubwa, kwa "Grazing in the Grass", uliofika kileleni Marekani mwaka 1968. Humo tarumbeta ndilo mwimbaji, na kengele ya chuma inaita watu wacheze. Jukwaani alizoea kuishika kengele kama hiyo katika "Stimela" pia, ila hapa mlio wake ni chuma kinachogonga chuma, na hakuna anayealikwa kwenye sherehe.

Nalipendelea toleo la 1993 kuliko lile la studio kwa sababu ya sauti. Masekela alikuwa amevuka miaka 50, koo limekwaruzika, na anaziachia sentensi zile ndefu muda wote zinaouhitaji. Mwaka 1974 alisimulia akiwa bado uhamishoni. Huku Washington anasimulia akiwa amekwisha kurudi nyumbani, na laana ile hakuipunguza makali hata kidogo.