Uso na Mgongo wa Kitambaa: Uhakiki wa Maelekezo ya Kazi ya Sindano kwa Kiswahili, Tukianzia Makebuko

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna maandishi ya Kiswahili yanavyoeleza kazi ya sindano ya mkono: kutarizi, kupinda, kupiga bandi na kutia viraka. Mahali pa kuanzia ni somo moja la ushonaji tulilolishuhudia Makebuko, nchini Burundi, ambapo karatasi ya maelekezo iliharibu vitambaa vya wanafunzi. Tunadai kwamba msamiati wa sindano upo katika Kiswahili, na wa kutosha. Kinachokosekana ni tabia ya mfasiri na mwidhinishaji kwenda kwanza kwa mwenye kazi.

Karatasi iliyogeuza kitambaa

Kazi iliyokuwa mbele ya wanafunzi ilikuwa ndogo: kitambaa cha mraba cha kufunikia sinia, pindo pande zote nne, na ua moja la uzi kwenye kona. Wanawake 12, tarafani Makebuko, mkoani Gitega, walikuwa wamekusanyika alasiri baada ya kutoka shambani. Kila mmoja alikuwa na sindano yake. Mkasi ulikuwa mmoja, ukizunguka. Mwalimu wao alishika karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, iliyotafsiriwa kwa gharama ya shirika ambalo sina haja ya kulitaja.

Sentensi ya kwanza iliagiza kitambaa kiwekwe mezani "upande wa kulia ukiwa juu". Hapakuwa na meza, lakini hilo halikuwasumbua. Walichofanya wengi ni kuuzungusha ule mraba mpaka ukingo uliokuwa mkono wa kulia ukawa juu, kisha wakaanza kazi, uso wa kitambaa ukiangalia popote ulipoangukia. Baada ya saa moja, 7 kati yao walikuwa wametarizi ua lao mgongoni mwa kitambaa. Wakaambiwa wafumue. Pamba nyepesi haisamehe: uzi ukishavutwa na kukazwa, ukitolewa huacha matundu yanayoonekana hata baada ya kufua na kupiga pasi. Mmoja wao, aliyekinunua kipande chake kwa fedha ya maharage, alikikunja akakitia kikapuni, na hakushona tena siku hiyo.

Chanzo cha kosa kinajulikana kwa yeyote aliyewahi kutafsiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa mkono wa kulia na kwa kilicho sawasawa, na washonaji wake huuita uso wa kitambaa kwa neno hilohilo. Mfasiri alichukua maana ya kwanza iliyomjia. Kifaransa, ambacho mwalimu alikisoma shuleni, hakina mkanganyo huo; kina jina la uso na jina la mgongo, kila moja likijitegemea. Nacho Kiswahili hakina mkanganyo huo. Mwalimu alipoitupa karatasi alisema tu, "Mama, geuza, uso wa kitambaa uangalie juu," na kila mtu akaelewa papo hapo. Jambo la kusikitisha ni kwamba msemo sahihi ulikuwamo kinywani mwa mwalimu muda wote, na karatasi ndiyo iliyouzuia.

Hata hivyo ushauri wa "uso na mgongo" hautoshi bila mtu kukijua kitambaa chenyewe. Kitenge cha nta huchapwa pande zote mbili, na tofauti ya uso na mgongo karibu haipo. Kile cha bei nafuu huchapwa upande mmoja, na mgongo wake hupauka. Marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, haina uso mpaka mshonaji aamue. Mwandishi wa maelekezo anayejua haya huandika sentensi moja zaidi: tazama upande ambao rangi imekolea, huo ndio uso. Asiyejua huandika "kulia".

Maneno yaliyobaki pwani

Husemwa mara nyingi katika mikutano kama huu kwamba Kiswahili "hakijakomaa" katika nyanja za ufundi. Kwa sindano, madai hayo hayasimami hata kidogo. Fungua kamusi za zamani, ya Steere wa 1870, ya Krapf wa 1882, au zile mbili za mwaka 1939, ya Johnson na ya Sacleux: utakuta watu waliokaa na washonaji wa pwani wakaandika walichokisikia. Kastabini ya kukinga kidole, ambayo asili yake ni jina la Kiarabu la kifaa hichohicho. Bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kabla ya kushona moja kwa moja. Taraza, ule ukingo wa nakshi wa nguo. Almaria ya majoho na vizibao. Na kiua, kwa maana ya tundu dogo lililozungushiwa uzi, ambalo ndilo linaloipa jina kofia ya viua. Katika kofia hiyo tundu hutobolewa, kisha kingo zake huzungushiwa uzi uliokazwa mpaka lisimame lenyewe bila kuziba. Kofia moja ina viua vingi mno na huchukua majuma, pengine miezi. Zanzibar wanawake wengi wameishona nyumbani, ivaliwe na wanaume. Na ng'ambo ya bahari, Oman, ndugu yake huitwa kumma.

Hapa pana jambo la kupendeza kwa mwanaleksikografia. Kudarizi na kutarizi siku hizi huelezwa katika kamusi karibu kwa maneno yaleyale: kutia nakshi kwenye nguo kwa uzi. Lakini yametoka njia mbili. Tarizi imetoka katika mzizi wa Kiarabu uliozaa pia tirazi, ile mikanda ya nakshi na maandishi iliyopambia mavazi ya watawala. Darizi inaelekea kwenye neno la mshono lenyewe, darz, ambalo kwa Kiajemi na Kihindi limezaa jina la fundi cherehani. Neno moja lilipamba, jingine liliunga. Sipendekezi turudishe mgawanyo huo kwa amri. Mzungumzaji halazimiki kuikumbuka asili ya neno ili alitumie. Ninachosema ni kwamba lugha ilikuwa na nafasi mbili, na kamusi zetu za karibuni, tangu ile ya TUKI ya 1981 mpaka ile kuu ya BAKITA ya 2015, hazikuona haja ya kuuliza mafundi kama bado zipo.

Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba msamiati huu ulikwama katika nguo za wanaume wa pwani: shingo ya kanzu, kofia, joho. Kazi ya sindano iliyosafiri kwenda bara ilikuwa nyingine, na ilikuja na mabwana wengine.

Njia ya bara

Kiswahili kilifika Gitega mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wajerumani waliifanya boma mwaka 1912, nao waliandamana na askari na wafanyabiashara waliokuwa wakikizungumza. Lakini ushonaji wa nyumbani kama somo, wenye saa na mwalimu na daftari, ulikuja hasa na misheni na baadaye na vituo vya jamii vya Wabelgiji. Kile cha Usumbura, kilichofanya kazi tangu 1946 mpaka 1960, kimeandikwa vizuri na mwanahistoria Nancy Rose Hunt: wake wa wafanyakazi wa mjini walifundishwa kushona, kutia viraka, kufuma, kupika na kupiga pasi, pamoja na wazo zima la namna mke wa mtu "aliyeendelea" anavyopaswa kuishi. Kituo kilihudumia mitaa ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku. Majina ya mishono, hata hivyo, yalikuwa ya Kifaransa, na yamebaki. Makebuko nilisikia "broderi" kutoka kwa wanawake ambao hawawezi kuunda sentensi moja ya Kifaransa.

Upande wa Muyinga hali ni tofauti kidogo. Huko mpaka wa Kobero uko karibu, khanga na uzi huvuka kutoka Ngara, na maneno huvuka navyo. Mfanyabiashara niliyeongea naye sokoni alisema "kufuma" kwa kila kitu: kwa sweta, kwa kitambaa cha kochi, kwa ua la kwenye shuka. Hilo ndilo neno la bara zima. Aliyewahi kukaribishwa sebuleni Nairobi au Mwanza anavijua vitambaa vile vya mezani na vya mgongo wa kochi, na anajua vinaitwa vya kufuma, viwe vimefumwa kwa kulabu au vimetariziwa kwa sindano. Wenye kamusi hulitazama tumizi hili kama uzembe. Mimi naona ni ushahidi. Neno limepanuka kwa sababu kazi ilienea kwa watu ambao hakuna aliyewapa lile jingine.

Lakini upana huo una gharama mtu anapoandika maelekezo. "Fuma ua kwenye kona" humwacha msomaji asijue achukue sindano au kulabu. Mwalimu wa Makebuko huongeza mkono: anasema "fuma" na kuonyesha. Karatasi haina mkono.

Kitenzi kinachofanya kazi

Watafsiri wetu huhangaika na nomino. Huketi kutafuta jina la kila mshono, wakilikosa huazima, wakishaazima huona kazi imekwisha. Ila maelekezo ya sindano hubebwa na vitenzi, na hapo Kiswahili kina utajiri ambao Kifaransa na Kiingereza vingeuonea wivu. Kunja na kunjua, shona na shonoa, fuma na fumua: kila tendo lina tendo la kulirudisha nyuma, ndani ya neno lilelile, na mshonaji anayejifunza huhitaji kurudi nyuma mara nyingi kuliko kwenda mbele. Kisha kuna pinda na pindia, choma na chomoa, pita na pitisha.

Chukua mshono wa kurudi nyuma, ambao ndio imara kuliko yote ya mkono. Naweza kuueleza hivi: "Chomoa sindano usoni. Irudishe nyuma hatua moja, ichome; chini ya kitambaa ipitishe mbele hatua mbili, uichomoe. Kila mara irudi mpaka mwisho wa mshono uliotangulia." Hakuna nomino ngeni hata moja. Mshono wa mnyororo nao hujieleza kwa jina lake: uzi hulazwa kitanzi, sindano huchomwa palepale ilipotokea, huchomokea ndani ya kitanzi, na kitanzi hicho hushikwa na kinachofuata. Ile karatasi ya shirika iliandika "sindano inaingizwa katika nukta ya awali kwa mwelekeo wa nyuma". Kauli ya kutendwa imemfuta mshonaji, na "nukta ya awali" ni jiometri. Mwanafunzi aliyekaa chini na kitambaa magotini anataka kuambiwa yeye afanye nini.

Kuna pia suala la mtu na mtu. Mwalimu aliwaita wakubwa wake "mama" na kuwaagiza kwa heshima, "tuchomoe", "tugeuze", akijihesabu humohumo. Karatasi iliamuru wazee kwa umoja mkavu. Maelekezo mengi ya ushonaji kwa Kiswahili yana kasoro hii, na wakaguzi wa vitabu huipita kwa sababu kisarufi haina kosa.

Kinachoombwa

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimekuwamo katika shule zake tangu miaka ile. Mwaka 2021 wakuu wa nchi walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Kamisheni ya Kiswahili iliyoko Zanzibar ina kazi kubwa ya sheria, fedha na teknolojia, na sitaki kuipunguzia. Lakini mwanamke wa Makebuko hatakutana na Kiswahili katika mkataba wa forodha. Atakutana nacho kwenye daftari la mtoto wake na kwenye karatasi kama ile. Anayo faida ambayo wapangaji hawaitumii: kitenzi cha Kirundi ni gushona, na fundi ni umushonyi. Nusu ya lugha ameshaibeba kutoka nyumbani. Karatasi ikimharibia kitambaa, hatamlaumu mfasiri. Atasema Kiswahili ni cha redioni.

Pendekezo langu kwa washauri wa sera ni dogo na halihitaji kamati mpya. Andiko lolote la ufundi wa mikono lisiidhinishwe kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu wasioijua kazi hiyo, sindano mikononi, huku mwandishi akikaa kimya. Panapokwama sindano, pabadilishwe sentensi. Gharama yake ni vipande vichache vya marekani na alasiri moja. Nilimwomba mwalimu wa Makebuko nakala ya ile karatasi kwa ajili ya makala hii. Akanipa, ikiwa imekatwa ukingo mmoja. Sehemu iliyokosekana alikuwa ameitumia kuchorea umbo la ua.