Mwana Hiti: Kazi ya Fundi, Kazi ya Mwali

Ukikuta mwana hiti ndani ya kabati la makumbusho, usianzie kwenye kibandiko kinachokwambia kuwa ni mwanasesere. Anzia shingoni. Kinyago hiki cha Waluguru, na cha jirani zao Wazaramo na Wakwere, ni kipande kimoja cha mti: kiwiliwili cha mviringo, matiti madogo, kitovu, uso usio na sura kamili, na utosini mashungi mawili ya nywele. Hakina mikono wala miguu.

Nyuzi za mti hupanda wima. Mkono uliotokeza ubavuni ungezikata, ukavunjika upesi. Fundi mwenye tezo na kisu huufuata mti unavyotaka: hupunguza shingo kwa kuizunguka, kisha huchimba mfereji kati ya mashungi, sambamba na nyuzi. Hapo ndipo penye hatari, kwani pigo moja zito hubandua shungi zima. Kama mti ni mpingo, mgumu na mzito hata huzama majini, kazi huenda kwa kukwangua kidogo kidogo. Sidai kwamba mti ndio uliozaa umbo; maana ya kinyago ilitangulia. Ninachokisifu ni kwamba fundi alivipatanisha viwili hivyo, mti na maana, pasipo kupoteza hata kimoja.

Hata hivyo, kinyago kilipotoka kwa fundi kilikuwa hakijakamilika. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyechapisha utafiti wake juu ya mila za Wazaramo mwaka 1970, ameeleza nafasi ya kinyago hiki kwa mwali aliyewekwa ndani. Mwali alikilea kama mwanawe: alikiogesha, akakipaka mafuta, akakitunza nywele. Nako kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, malezi hayo yalibeba uhai wa ukoo mzima. Ndiyo maana kinyago kilichotumika hung'aa kwa namna yake: matiti na kitovu vimelika kwa kushikwa, na mafuta yameganda mferejini. Kilichopakwa dawa ya viatu kwa ajili ya soko hung'aa sawasawa kila mahali.

Kwangu mimi, mwali ni fundi wa pili, na kibandiko kisichomtaja kina kasoro. Nanyi Waluguru mlio na mwana hiti nyumbani, Matombo, Mgeta au Kinole: kabla mchuuzi hajafika na bei yake, waulizeni bibi zenu kilipitia mikononi mwa akina nani, mwandike majina yao.