Boneti ya Ferguson Mikononi mwa Fundi wa Bodi

Trekta la kijivu la Ferguson TE20 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na zaidi ya matrekta 500,000 yalitoka kiwandani. Wapenzi wa mashine za kale huyafufua hadi leo. Injini yake ni ngumu; kinachoumia ni bati: madigadi iliyogonga mti, boneti iliyobonyea, kingo zilizoliwa na kutu.

Hapo ndipo fundi wa bodi anapostahili sifa.

Hakimbilii nyundo. Kwanza hupapasa mbonyeo kwa kiganja, maana mkono huhisi wimbi ambalo jicho halilioni. Kisha hushikilia kipande kizito cha chuma upande wa ndani na kugonga taratibu kwa nje, akitoka pembeni kuelekea katikati. Akizidisha, bati hutanuka na kuanza kupwaya kama mfuniko wa debe. Dawa yake ni moto: doa dogo huchomwa hadi liwe jekundu, hugongwa kidogo, kisha hupozwa kwa kitambaa chenye maji, nalo bati hujikaza. Palipooza hukatwa, kikachomelewa kiraka kipya.

Wavivu hushindilia puti nene na kupaka rangi juu yake. Mtikisiko wa trekta huibandua mapema. Fundi hodari huipaka nyembamba tu, ya kufunika mikwaruzo ya tupa.