Sifa za Jumuiya ya Fraunhofer

Miongoni mwa majumba ya elimu yastahiliyo sifa, naiweka mbele Jumuiya ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyoasisiwa mjini Munich mwaka 1949, nchi ingali magofu ya vita, kwa azma ya kuyatoa maarifa ya wanavyuoni na kuyatia mikononi mwa wenye viwanda. Jina lake ni la Joseph von Fraunhofer, yatima aliyetiwa uanagenzini kwa fundi wa vioo, akafukiwa na kifusi nyumba ya bwana wake ilipoporomoka mwaka 1801, akatolewa hai, na hatimaye akawa fundi hodari wa lenzi na mtaalamu aliyeichunguza mistari myeusi iliyomo katika nuru ya jua. Wala sijui jina ambalo lingaliifaa kazi hii zaidi.

Huko Erlangen, katika taasisi ya jumuiya hii, mtaalamu Karlheinz Brandenburg na wenzake walitafuta kwa miaka mingi njia ya kuipunguza nafasi ichukuliwayo na sauti iliyorekodiwa, wakiziacha zile sehemu ambazo sikio, likishughulishwa na sauti kubwa zaidi, halizisikii. Na katika kuzipima hesabu zao waliurudia tena na tena wimbo wa Suzanne Vega ulioimbwa bila ala, kwani sauti tupu ya mwanadamu haisitiri kasoro. Njia hiyo ndiyo MP3, iliyopata jina hilo mwaka 1995, na iliyozitia nyimbo, taarabu na kaswida zikiwamo, mifukoni mwa watu.

Linipendezalo zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya riziki yake jumuiya huichuma kwa kazi za ijara, hata kiwanda kidogo kisicho na maabara kikapata wataalamu wa kukitumikia.