Lebo ya memori kadi: namba kubwa, ukweli mdogo

Wadau, hapa tumezoea kuhakiki vitabu na makala za sayansi. Safari hii tunahakiki maandishi mafupi zaidi: lebo ya memori kadi. Usicheke. Ni maandishi ya kisayansi yanayopita mikononi mwa watu kila siku, na kwa mwenye kamera ya zamani yanaweza kumpoteza kabisa.

Chukua mfano. Mwanafunzi anarithi kamera ya Nikon D50, toleo la 2005, kutoka kwa mjomba. Kamera ni nzima, lenzi safi, betri inakaa na chaji. Anaenda Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Likoma kwenye maduka ya simu, ananunua kadi mpya ya GB 64. Anaichomeka, inaingia vizuri kabisa. Kamera inagoma. Anaijaribu kadi kwenye kompyuta, inasoma. Hapo hukumu inatoka haraka: "Kamera imekufa hii, tafuta nyingine."

Haijafa. Kamera ni nzima na kadi ni nzima. Kilichomuangusha ni lebo.

Hebu tuisome. Kwa maandishi makubwa kuliko yote: 64 GB. Chini yake: hadi MB 100 kwa sekunde. Pembeni kuna duara lenye namba 10, kuna herufi U yenye 1 au 3 ndani yake, pengine na V30. Halafu, kwa udogo, chini ya nembo ya SD, kuna herufi mbili: XC. Kwa mwenye kamera ya mwaka 2005, hizo herufi mbili ndizo za kuangalia kwanza. Lebo imezipa nafasi ndogo kuliko vyote.

Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Toshiba na Matsushita, ambayo leo tunaijua kama Panasonic. Kizazi cha kwanza kinaishia GB 2. Mwaka 2006 ikaja SDHC, inayofika GB 32. Mwaka 2009 ikatangazwa SDXC, inayofika TB 2. Zote tatu zina umbo lilelile, milimita 24 kwa 32. Yaani ni ndugu watatu wanaovaa sare moja lakini hawaongei lugha moja.

Lugha yenyewe ni hesabu tu. Kamera ikitaka data, inaitaja kwa namba yenye nafasi 32 za sifuri na moja. Namba kubwa inayoweza kuandikwa hapo ni kama bilioni 4.29. Kwenye SD ya kwanza, kila namba ilisimamia baiti moja, kwa hiyo hata ufanyeje huwezi kuvuka GB 4. Mfumo wa mafaili wa enzi hizo, FAT16, ulibana zaidi, ukaishia GB 2. SDHC ikaja na ujanja mwepesi: namba ni ileile, ila sasa inahesabu vifurushi vya baiti 512 kila kimoja. Zidisha bilioni 4.29 kwa 512 upate karibu TB 2. Ndiyo maana SDXC nayo inaishia hapohapo.

Sasa fikiria duka la mchele. Kamera ya zamani inaagiza kwa punje: "Nipe punje ya 5,000." Kadi mpya inahesabu magunia, kwa hiyo ingeitikia kwa gunia la 5,000. Wakiachwa wafanye biashara hivyo, picha zote zingevurugika. Waliotunga viwango waliliona hilo mapema. Kadi ya HC au XC inasubiri kwanza kamera itamke kwamba inaelewa hesabu ya magunia. Kamera ya 2005 haijui kutamka hivyo. Inasubiri, inachoka, inaonyesha kosa. Hakuna kilichoungua. Nikon D40, iliyotoka mwaka 2006, inaelewa SDHC. Mwaka mmoja tu umeweka mpaka.

Hapa ndipo lawama yetu ya kwanza. Lebo inamweleza mnunuzi kadi *inaweza* nini, haimwelezi kadi *inadai* nini kutoka kwenye kifaa chake. Na umbo linazidi kumdanganya, maana tundu linapokea kadi yoyote. Linganisha na kamera za CompactFlash, kadi iliyoanzishwa na SanDisk mwaka 1994. Canon EOS 400D ya mwaka 2006 inatumia hizo. Ukijaribu kuichomeka SD humo utaona mwenyewe kwamba haiwezekani, huna haja ya kusoma chochote. Kwa haki, umbo moja la SD lina faida yake: kamera mpya inasoma kadi ya zamani bila shida. Lakini faida hiyo inaelekea upande mmoja tu, na hakuna mahali lebo inapokuambia hivyo.

Lawama ya pili ni kasi. Ile "hadi MB 100 kwa sekunde" kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kompyuta. Mpiga picha anahitaji kasi ya kuandika. Hiyo imejificha kwenye vile vialama: duara lenye 10 linaahidi angalau MB 10 kwa sekunde, U3 na V30 zinaahidi angalau 30. Tena kamera ya zamani ina kikomo chake cha ndani. Ukiipa kadi ya kasi kubwa, kadi ndiyo inayopunguza mwendo. Umelipia mwendokasi, unasafiria daladala.

Ya tatu ni ile namba kubwa yenyewe. Kwenye kadi bandia hata "64 GB" ni uongo. Ndani kuna chipu ndogo, labda ya GB 8, ambayo programu yake imechezewa ili ijitangaze kuwa kubwa. Utapiga picha, utaziona, utafurahi. Ukishavuka ukubwa halisi, mafaili mapya yanapotea au yanafuta ya zamani. Kwa mwanafunzi ni hasara ya picha za utafiti. Kwa anayepiga sendoff na kipaimara ni kesi, maana sherehe hairudiwi. Tume ya Ushindani, FCC, ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia, lakini haiwezi kusimama pembeni yako kila unaponunua.

Tusiwabebeshe wauzaji mzigo wote. Mteja mwingi wa kadi anaitaka kwa ajili ya simu au redio ya kuchomeka, na huko kubwa ni bora kweli. Muuzaji anasoma lebo ileile unayoisoma wewe. Akikwambia "hii inakubali kamera zote", anarudia tu kile ambacho umbo la kadi linamwambia. Ila kumbuka vibao vya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi": kosa la lebo analilipa mnunuzi.

Sasa basi, ufanyeje? Anza na kamera, usianze na kadi. Fungua kifuniko cha tundu la kadi au tafuta kitabu chake, uangalie nembo. Ikiwa imeandikwa SD peke yake, tafuta kadi ya GB 2 au chini ya hapo. Ikiwa SDHC, mwisho wako ni GB 32. Ikiwa SDXC, aina zote tatu zinaingia. Wapo wanaoifomati kadi ya XC kwa FAT32 na kuitumia kwenye kamera ya SDHC. Mara nyingi inakubali, kwa sababu hesabu ya magunia ni ileile na tofauti kubwa ni mfumo wa mafaili wa exFAT. Lakini viwango havikupi dhamana, kwa hiyo usiende nayo harusini.

GB 2 mpya ni ngumu kuipata siku hizi. Angalia kwenye droo kabla ya dukani: ile kadi ndogo ya simu ya zamani ya vitufe, ikiwa ni ya GB 2, inafaa ukiiweka kwenye adapta. Adapta yenyewe ni waya tu, haina akili. Haiwezi kuigeuza XC kuwa SD. Na usidharau GB 2. Picha ya kamera ya megapikseli 6 ikiwa na MB 3, unapata picha zaidi ya 600. Filamu ya enzi za mjomba ilikuwa na picha 36.

Ukienda dukani, nenda na kamera yenyewe. Fomati kadi ndani ya kamera, piga picha kadhaa, zima, washa, zitazame tena, ndipo ulipe na udai risiti ya EFD. Ukifika nyumbani, ijaze kadi yote kwa programu kama F3 au H2testw, ambazo zinaandika mpaka mwisho kisha zinasoma kilichoandikwa. Kadi bandia haivuki mtihani huo.

Hukumu yetu: kama maandishi ya kuuzia, lebo hii imefaulu. Kama maelezo ya kisayansi, imefeli, na si kwa kukosa nafasi. Nafasi ipo, wameijaza namba. Mstari mmoja tu ungetosha: "Haifanyi kazi kwenye kifaa kisicho na alama ya XC." Mpaka mstari huo uandikwe, kabla hujaitupa kamera au kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, ijaribu kwanza na kadi ya umri wake.